Njiwa anarudi kwao, sio kwako

Juzi kwenye grupu la WhatsApp la watu tuliosoma wote sekondari jamaa mmoja katupia picha ya Genghis Khan, yule mtawala wa Wamongolia, kakaa juu ya farasi, njiwa begani, afu chini maandishi marefuu kwamba huyu bwana ndo alieanzisha "intaneti ya kwanza duniani", njiwa wake walikua wanabeba barua toka China mpaka Ulaya, vituo vya njiwa kila kona, yani ukimuasi Hungary leo yeye kesho anajua yuko Mongolia. Watu wakamwaga dole gumba na vile vimoto. Mi nikaisoma mara mbili nimebanwa kwenye daladala na kuna kitu kikanikera, na wala hakikua cha historia, kilikua cha njiwa. Nikasema alieandika hii hajawahi kufuga njiwa hata mmoja.

Mi nimefuga. Au niseme ukweli, mjomba ndo alikua anafuga, mi nilikua mtoto wa kazi tu, kubadilisha maji kwenye kopo, kumwaga mtama, kukimbizana na paka. Hii ni Tanga, Ngamiani, miaka ya tisini, nyumba ya bati na banda la mbao za maboksi limepigiliwa misumari juu ya mlango wa uani. Mjomba alikua na njiwa kama 40 hivi, njiwa manga, hawa wa nyumbani, na alikua anauza jozi jozi. Sasa alikua na kamchezo ambako leo nikikafikiria naona ni utapeli mtupu ila wakati ule tuliona ni akili nyingi: unanunua jozi yako, unapeleka kwako Pongwe, unawafungia siku tatu nne, unaona wametulia wanakula vizuri, unawafungulia wanyooshe mbawa. Jioni wako kwetu juu ya bati. Mjomba anawaangalia anacheka, anasema hii biashara mzigo unajirudisha wenyewe. Mteja akija kulalamika anamsomesha, ndugu yangu si nilikwambia uwafunge mbawa, uwaweke ndani mpaka watage, waangue, walee hapo hapo kwako, njiwa kwao ni pale alipolea makinda. Kweli alikua anawaambia. Ila alikua anawaambia kwa sauti ndogo.

Hapo ndo penye kila kitu. Sisi watu wa pwani tumelelewa na mashairi ambayo njiwa anatumwa popote, unamwambia nenda kwa muhibu wangu ukamwambie nakonda, anaenda, anarudi na jibu. Njiwa wa kweli hamjui muhibu wako. Njiwa ana anwani moja tu kichwani nayo ni banda lake. Ukitaka kupata habari Tanga kutoka Pongwe lazima kwanza uchukue njiwa wa Tanga, umtie tengani, umbebe kwa baiskeli mpaka Pongwe, umuweke pale, siku ukiwa na habari unamfunga kikaratasi unamrusha, anarudi Tanga. Basi. Kwenda Pongwe hawezi, kurudi tu. Na akisharudi, njiwa yule uliemuweka Pongwe umemmaliza, inabidi ukambebe tena kwa baiskeli.

Sa muulize Genghis Khan, kwako wapi?

Maana hawa Wamongolia walikua wanaishi kwenye ger, yale mahema ya duara ya sufu iliyogandamizwa, yanavunjwa na kupakiwa, mengine makubwa yanakokotwa na ng'ombe yakiwa yamesimama hivohivo juu ya mkokoteni. Kiangazi huku, baridi kule, majani yakiisha unasogea. Hata baada ya mtoto wake Ogedei kujenga ukuta wa Karakorum mwaka 1235, mji wa kweli wenye misikiti na makanisa na mafundi wa kila aina, yeye mwenyewe mwaka mwingi alikua anauzungukia tu, kambi ya majira haya kwenda kambi ya majira yale. Na hii ilidumu. Ibn Battuta, huyu huyu alietua Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akatusifia, miaka michache baadae alikua kaskazini ya milima ya Caucasus kwa Uzbek Khan wa Wamongolia wa upande ule, akasimulia alivoona kambi ya khan inafika: mji mzima unatembea, na misikiti yake na masoko yake, na moshi wa majiko unapanda huku watu wako safarini kwasababu walikua wanapika wakiwa wanaenda. Nikisoma pale mi nawaza njiwa tu. Njiwa umemlea kwenye huo mji, umempeleka mbali wiki mbili, umemrusha, anarudi pale alipozaliwa anakuta majivu na mavi ya farasi.

Haya mambo nimeyaona kwa macho. Mwenye nyumba alitaka nyumba yake tukahamia Makorora, sio mbali kabisa, kwa mguu unaenda. Mjomba akabeba njiwa wote usiku kwenye matenga mawili yamefunikwa kanga ya bibi, akawafungia wiki nzima kwenye banda jipya, la maana kuliko la kwanza, kalipaka mpaka chokaa. Siku ya kuwafungulia tulisimama wote uani kama tunaaga mtu. Wakapanda juu, wakazunguka mara mbili tatu, afu wakanyooka. Ngamiani. Wamerudi kukaa juu ya bati la nyumba ambayo banda limeshavunjwa, wamejipanga pale kwenye ukingo wanashangaa. Mjomba alienda kuwafata siku tatu mfululizo saa moja jioni na tochi. Wale wenye makinda tu ndo walikubali kukaa, na hiyo ni baada ya miezi. Sasa fikiria hiyo kazi uifanye kila majira, na una majeshi ya kuongoza.

Kwahiyo Wamongolia walikua na nini? Farasi jamani, farasi. Mfumo unaitwa yam, na Ogedei aliupanga rasmi mwaka 1234, vituo kwenye njia kuu umbali wa kama siku moja ya safari ya kawaida, kilomita 40 hivi, kila kituo kina farasi wamelishwa wako tayari, chakula, watu wa kukaa zamu, na familia za jirani ndo zimepewa mzigo wa kukiendesha. Kwenye ile Historia ya Siri ya Wamongolia, kitabu chao wenyewe, Ogedei anahesabu mambo mema manne aliyofanya baada ya baba yake na kuweka vituo vya tarishi ni mojawapo, limepangwa sambamba na kuchimba visima na kuipiga dola ya Jin ya kaskazini ya China. Njiwa hayumo. Carpine, yule padri alietumwa na Papa mwaka 1245, alisafirishwa kwa farasi hawa hawa akibadilishiwa mara kadhaa kwa siku, analalamika njia nzima jinsi anavoumia. Njiwa hayumo. Rubruck, padri mwingine alieenda baada yake, nae hayumo.

Marco Polo, yule msafiri wa Venice, ndo kaandika kwa raha zaidi. Anasema tarishi wa haraka anajifunga kitambaa kichwani na tumboni, anakaza mkanda, anaondoka mbio, akikaribia kituo kengele zinasikika kwa mbali wanamtolea farasi mwingine tayari kashawekwa tandiko, anaruka toka huyu kwenda yule, na kwa siku wanaweza kumaliza maili 250, kama kilomita 400. Kwenye hesabu zake vituo vinapita 10,000 na farasi 200,000, na Marco Polo kwenye namba kubwa ni mtu wa kumpunguzia kidogo kama bei ya Kariakoo, ila hata ukipunguza nusu bado ni balaa. Afu kuna kipande kimoja kwenye hiyo sura nilipokifikia nilicheka peke yangu kama mwehu. Hawa tarishi walikua wanabeba kibao cha chuma cha kuonyesha wana amri ya khan, ukikiona unatoa farasi wako bila maswali. Yule mwenye safari ya dharura kabisa, ya kuruka vituo, kibao chake kinakua na alama ya kozi. Kozi! Yule ndege mkubwa wa kuwindia. Yani alama ya posta yao ilikua ni ndege anaekula njiwa.

Na hapa sio utani tu. Wamongolia walikua watu wa kozi kupita kiasi, Kublai, mjukuu wa Genghis alietawala China, anatoka kuwinda na maelfu ya watu wa kubeba ndege hao mkononi, na nyika ile yote imejaa kozi wa mwituni. Nyika haina miti, haina majengo, njiwa anaonekana kama doa jeusi kwenye shuka jeupe. Waliopigana vita vya msalaba wanalijua hili, mwaka 1099 wakiwa kambini karibu na Kaisaria kozi alimnasa njiwa juu ya vichwa vyao, akamdondosha yuko nusu hai, kumbe ana barua, mkuu wa Akka anamuandikia mwenzie wa Kaisaria awashughulikie hawa wajinga wanaopita. Barua ya siri imesomwa na wanaosemwa ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo ile posti haikuligusa kabisa. Wamongolia kabla ya mwaka 1204 hawakua na maandishi yao, wakachukua herufi za Wauighur baada ya kuwapiga majirani zao Wanaiman. Amri ilikua inakaririwa, na ili isipotee njiani ilipangwa kwa vina kama shairi, tarishi anaimba kichwani mpaka anafika. Na akifika anaulizwa. Umemuacha khan na hali gani, jeshi la fulani liko wapi, njia ina majani? Njiwa humuulizi kitu, na njiwa hawezi kumwambia gavana "toa farasi 500 leo" gavana akatetemeka. Tarishi mwenye kibao anaweza. Ile yam haikua ya barua peke yake, ilikua inabeba mabalozi na wafanyabiashara wakubwa na kodi na watu wenye makuu, mpaka ikawa kero yenyewe, kule Iran wajumbe walikua wanapora wanakijiji na kuchukua farasi wa kila mtu hadi Ghazan, khan wa Wamongolia wa huko, alipokuja kutawala mwaka 1295 akaanza kuwabana na kutenga vituo maalum vya tarishi wa dharura.

Ogedei alipofariki Desemba 1241, jeshi la Batu, mjukuu wa Genghis, lilikua Hungary, kama kilomita 6,000 kutoka Mongolia. Majira ya kuchipua ya 1242 jeshi lile likageuza. Wanahistoria wanabishana kama ni msiba ndo uliwarudisha au majani yaliisha au ngome za mawe ziliwashinda, mi huko siingii. Ninachosema ni kwamba hakuna njiwa wa kuruka kilomita 6,000. Njiwa wa mashindano wa siku hizi, aliechaguliwa ukoo na kulishwa kwa mizani, kilomita 1,000 ndo mtihani wake mkubwa na wengi hawafiki.

Sawa, sasa njiwa walikua wa nani? Hapa ndo nilipopotelea, nilianza saa mbili usiku kwa hasira ya kumjibu mtu kwenye grupu nikastuka saa nane bando limekata. Kwasababu njiwa wapo kwenye hadithi hii, tena wengi, ila kila nikiwakuta wako upande wa pili. Ni wa maadui.

Chukua Watangut, majirani wa Wamongolia upande wa kusini ambao Genghis aliwamaliza mwaka 1227. Hawa mwaka 1041 walipigana na jeshi la Song, dola ya China, pale Haoshuichuan, na mfalme wao Li Yuanhao akaacha maboksi yamefungwa njiani. Askari wa Song wakayakuta, wakasikia kitu kinacheza ndani, kiongozi wao akaogopa kuyafungua, mwingine akaja akasema fungua. Njiwa zaidi ya 100 wakaruka juu na filimbi zimefungwa mwilini, wakazunguka juu ya jeshi lile wanalia fiiii, na Watangut waliojificha milimani wakajua adui yuko wapi hasa. Hapa njiwa hajabeba hata neno moja! Yeye mwenyewe ndo ujumbe. Mi hii naipenda kuliko zote. Na huko huko Song karne iliyofata kuna jenerali anaitwa Qu Duan, mkubwa wake kaja kukagua jeshi kakuta uwanja mtupu, Qu Duan anafungua tundu anarusha njiwa, kikosi kimoja kinatokea. Anarusha wote, vikosi vyote vitano vinajaa uwanjani. Mkubwa akafurahi usoni, moyoni akaanza kumuogopa.

Ile hadithi nyingine maarufu mtandaoni, kwamba Genghis aliwadai watu wa mji wa Volohai paka 1,000 na mbayuwayu 10,000 akawafunga pamba akawasha moto warudi kuunguza nyumba zao, ni hekaya, na hekaya ya namna hiyo hiyo wanaisimulia Warusi juu ya malkia Olga wa Kiev na njiwa wa Wadrevliani karne ya 10. Ila angalia hata hekaya inajua kanuni: ndege ni wa waliozingirwa, anarudi kwao.

Baghdad sasa. Baghdad walikua wagonjwa wa njiwa. Khalifa al-Nasir, aliekaa kitini toka 1180 mpaka 1225, alikua anaandikiwa nasaba za njiwa kama watu wanavoandika za farasi wa mbio, na akapiga marufuku mtu kufuga njiwa wa kurudi isipokua wale waliotoka kwake, mpaka mwanahistoria Ibn al-Athir anamlaumu kitabuni. Huyo alikua mjomba wangu kabisa ila mwenye dola. Hulagu, mjukuu mwingine wa Genghis, alipouzunguka mji huo Januari 1258, unajua yeye alipelekaje ujumbe wake ndani? Mshale. Barua zilifungwa kwenye mishale zikapigwa kuvuka ukuta pande zote, makadhi na masharifu na wasiopigana watasalimika. Mji ukaanguka tarehe 10 Februari.

Waliobaki kusimama mbele ya Wamongolia ni Wamamluki wa Misri, askari waliokua watumwa wakaja kutawala, wale waliowapiga Ain Jalut, Palestina, Septemba 1260, na hawa sasa ndo wenye posta ya njiwa ya maana. Hawakuianzisha wao, sultani Nur al-Din aliiweka Sham, yani Syria, karibu mwaka 1171 kwasababu nchi yake ilikua ndefu na Wafaranga, hawa Wazungu wa vita vya msalaba, wanaingia upande mmoja yeye yuko upande mwingine. Na hata kabla yake Misri njiwa walikuepo, kuna ile hadithi ya waziri wa Khalifa al-Aziz kwamba bosi wake alitamani cheri za Baalbek, zikarushwa njiwa 600 kila mmoja na vifuko viwili vya hariri miguuni, cheri moja huku moja huku, jioni khalifa anakula. Marco Polo nae ana habari ya matunda, ya Kublai: yamechumwa Khanbaliq, Beijing ya leo, asubuhi, jioni ya kesho yake yako Shangdu, mji wake wa kiangazi, safari ya siku 10. Ila yale yalibebwa na watu wanaokimbia kwa miguu, kila maili tatu mwingine anapokea, na mikanda ya kengele viunoni. Wakubwa wawili, tamaa ileile ya matunda, mmoja kamtuma ndege mwingine kamtuma binadamu mwenye kengele. Ukitaka kuelewa tofauti ya Cairo na Wamongolia anzia hapo.

Baybars alipochukua usultani mwaka 1260 alifanya kama mtu anaetegemea kuvamiwa kesho. Farasi wa barid, posta yao, toka Damascus hadi Cairo kwa siku nne. Minara ya njiwa kutoka ngome ya Cairo kupita Bilbays, Qatya kule Sinai, Gaza, mpaka Damascus na juu zaidi kuelekea mto Frati ambako Wamongolia ndo wanavukia. Njiwa haruki njia nzima, anaruka mnara mpaka mnara, pale kikaratasi kinahamishwa kwa njiwa mwingine ambae kwao ni mbele, na wale waliotumika wanarudishwa nyuma juu ya mgongo wa nyumbu. Nilipofika kwa hao nyumbu niliinuka kitandani, maana ndo baiskeli ya Pongwe kabisa! Watu wanaosifia njiwa huwa wanawasahau nyumbu. Baadae wakaongeza na mioto ya mlimani, toka ngome za Frati kilima kwa kilima hadi Gaza, na toka Gaza njiwa na farasi wanapokea.

Mwaka 1288 kwenye ngome ya Cairo peke yake walihesabiwa njiwa 1,900. Walikua na karatasi yao nyembamba maalum, karatasi ya ndege inaitwa, unaandika kwa kifupi, vyeo na salamu ndefu weka pembeni, tarehe unaweka saa na siku, mwaka wa nini. Kikaratasi kinafungwa chini ya bawa mvua isikiharibu. Mvua ikinyesha hurushi, na hurushi kama hajala vizuri. Ujumbe mzito unaandikwa mara mbili, njiwa wawili, wa pili anaondoka saa mbili baada ya wa kwanza. Na njiwa akitua ngomeni ruhusa ya kumfungua ni ya sultani mwenyewe, awe anakula awe amelala, anaamshwa. Mi simu yenyewe naiweka sailenti nikilala.

Haya yote yaliwezekana kwasababu mnara hauhami. Misri na Sham ni nchi ya miji, ya ngome, ya watu wanaozaliwa na kufa mtaa mmoja. Aliejenga mnara wa mawe Gaza anajua wajukuu wake wataukuta Gaza. Mmongolia kwake ni farasi na mama mzazi wa farasi.

Sasa kuna njiwa mmoja tu ambae namjua vizuri aliewafanyia kazi Wamongolia, na hakua wao.

Mosul, 1261 kuingia 1262. Mtawala wa pale al-Salih Ismail, baba yake alikua mpole kwa Wamongolia ila yeye kaenda kwa Baybars akarudi na moyo mwingine. Hulagu akamtuma noyani, yani kamanda, anaitwa Samdaghu, mji ukazingirwa, miezi ikapita, mizinga ya kurushia mawe huku na huku, njaa ndani. Kutoka Sham akawa anakuja kuwaokoa amiri mmoja, Aqush al-Barli, na kikosi chake kimeshafika Sinjar, sio mbali. Akaona awape moyo waliozingirwa, akaandika kikaratasi, nimekaribia, akamfunga njiwa wa Mosul aliekua nae akamrusha. Anaesimulia ni Rashid al-Din, waziri wa Wamongolia wenyewe kule Iran, na anasema yule njiwa alichoka, akatafuta pa kutua, akatua juu ya mzinga. Mzinga wa Wamongolia.

Wakamshika, wakamsomea Samdaghu. Usiku huo huo jeshi likatoka kuelekea Sinjar, al-Barli akavamiwa na watu wake wakakatwa wengi. Afu Wamongolia wakavaa nguo za waliokufa, wakaachia nywele kama wanavoachia wale, wakarudi Mosul mchana kweupe. Watu wa Mosul wakaona ukombozi umefika, wakatoka kuwapokea kwa furaha. Waliotoka hawakurudi ndani. Mji wenyewe ulishikilia mpaka kiangazi cha 1262 ndo ukajisalimisha, na alichofanyiwa al-Salih na mwanae mdogo sitakiandika hapa, kuna watu wanasoma huku wanakula.

Nilirudi kwenye grupu saa tisa usiku nikaandika yote haya kwa ufupi, aya tano. Asubuhi nimepata dole gumba moja, na jamaa alieposti kashatupia nyingine ya piramidi.

Basi Jumapili nikampigia mjomba. Yuko Muheza siku hizi, macho yamepungua ila njiwa bado anao, 12 tu. Nikamhadithia habari ya Mosul mwanzo mwisho, nilivoisimulia hapa, na yeye anaguna tu mh, mh, nasikia mtama unamwagika kwenye bati. Nikafika pale njiwa anatua juu ya mzinga. Kimya. Nikadhani simu imekata.

"Alirusha wangapi?"

Nikamwambia mjomba, mmoja.

"Mmoja?" Akaita mtu pembeni amshikie kopo. "Mtu ana jambo kubwa kama hilo anarusha njiwa mmoja, peke yake, hana mwenzie? Huyo hakua mfugaji. Atakua kaazima."